Kunasa hewa ukaa ya bayogesi kwa barafu ya chumvi: mwongozo wa meza moja ya maabara

Mwenye mtambo wa bayogesi, awe Masindi au Mbale, anaijua kero yake: moto unawaka buluu lakini mvivu, na ukiipeleka gesi kwenye jenereta injini inakohoa. Katika kila lita 100 za gesi ya mavi ya ng'ombe, takriban 60 ni methani. Karibu zote zilizobaki ni hewa ukaa, ambayo haiwaki, inasindikiza tu.

Hapa naonyesha namna ya kuitoa hewa ukaa hiyo kwa kugandisha maji yaliyotiwa chumvi ya aina yake. Niseme mapema: kama shida yako ni kupika maharage tu, achana na mambo haya. Kuipitisha gesi kwenye maji yenye presha kutakutosha, tena kwa bei ndogo. Haya nawaandikia walimu, wanafunzi na mafundi wa maabara wanaotaka kuiona kazi kwa macho na kuipima kwa namba zao wenyewe.

Unachogandisha

Maji yakipoa na gesi ikiwa na presha ya kutosha, molekuli za maji huizunguka gesi na kujenga vizimba vidogo, kila kizimba na mfungwa wake. Kwa macho utasema ni barafu. Jina lake ni haidreti. Watu wa mabomba ya gesi waliichukia kabla ya wengine kuipenda: mwaka 1934 Hammerschmidt alionyesha kwamba ndiyo iliyokuwa ikiziba mabomba ya gesi Marekani.

Kwa maji matupu, bei yake ni presha. Hewa ukaa safi inataka baa 12 hivi kwenye nyuzi 0, na ukipanda hadi nyuzi 10 inataka zaidi ya baa 40. (Baa ni kipimo cha presha, si zile za Kabalagala.)

Hapo ndipo chumvi inapoingia. Inaitwa tetrabutilamoniamu bromidi, na kwa kuwa jina hilo linachosha ulimi, kila mtu anasema TBAB. Ukiiyeyusha kwenye maji na kuipoza, bromidi inajipanga kwenye kuta za vizimba pamoja na maji, kama tofali la rangi nyingine kwenye ukuta uleule. Sehemu ya pili ya chumvi, tetrabutilamoniamu yenye mikono minne, inajaza vyumba vinne vikubwa, mkono mmoja kila chumba. Vyumba vidogo vinabaki vitupu, vitatu kwa kila molekuli moja ya TBAB na molekuli zake 38 za maji. Gesi inaingia humo. Kwa vile chumvi ni mpangaji na tofali kwa wakati mmoja, haidreti hii inaitwa nusu-klathreti. Uzuri wake ni kwamba jengo linasimama hata bila gesi, kwa presha ya kawaida ya hewa, hadi nyuzi 10 au 12 kutegemea wingi wa chumvi.

Methani nayo inaingia vyumba hivyo. Tofauti ni kwamba hewa ukaa hutulia mle kwa presha ndogo kuliko methani, na nitrojeni inadai kubwa kuliko zote mbili. Kwa hiyo hupati mlango unaoruhusu mmoja na kumfungia mwingine. Unapata mlango wenye upendeleo, na kazi yako yote ni kuupima upendeleo huo.

Hatua ya 1: Chumvi na maji

Wapo watakaokushauri utumie floridi badala ya bromidi, kwa sababu haidreti yake inavumilia hadi nyuzi 27 hivi. Asubuhi ya mvua hapa Kampala ingeganda mezani bila friji. Ni kishawishi kweli, lakini floridi ni sumu na mimi sipendi kuwapa wanafunzi. Baki na TBAB. Nayo inawasha macho na ngozi, kwa hiyo vaa glavu na miwani. Hunyonya unyevu hewani, basi pima haraka na ufunge kopo.

Maji yawe yaliyotoneshwa. Kwenye vituo vya mafuta huuzwa "maji ya betri", na ni nafuu, ila soma lebo: chupa mbili zinazofanana zinaweza kukaa rafu moja, moja ina maji na nyingine ina asidi.

Tengeneza michanganyiko miwili. Wa kwanza, wa kujaribia: gramu 32 za TBAB kwenye gramu 68 za maji. Huo ndio uwiano wa haidreti yenyewe, unaganda wote. Wa pili, wa kazi: gramu 80 za TBAB kwenye gramu 320 za maji, yaani asilimia 20. Gramu 80 za chumvi zinajenga gramu 250 tu za haidreti, kwa hiyo gramu 150 za maji zinabaki maji. Utapata uji, na uji unakorogeka. Ule wa asilimia 32 unakuwa posho, halafu jiwe, na jiwe halipitishi gesi.

Hatua ya 2: Jaribio la friji

Usiruke hatua hii. Haina presha, haina hatari, na ndiyo itakayokufundisha tabia ya kitu hiki.

Chukua chupa mbili ndogo za kioo. Moja tia maji matupu, nyingine mchanganyiko wa asilimia 32. Zipange friji ya kawaida, sehemu ya chini, nyuzi 4 au 5. Ziandike kwa maandishi makubwa SI YA KUNYWA. Mimi nilikamatwa na mke wangu: "Baba, hii soda gani haina jina?" Tangu siku hiyo friji ya nyumbani nimeiacha na vyakula vyake.

Kwa hesabu, maji yatabaki maji na mchanganyiko utaganda. Mara ya kwanza niliulaza usiku kucha, asubuhi nikakuta chupa zote mbili maji matupu. Nikadhani nimeuziwa chumvi mbovu. Nikaitoa chupa, nikaigonga kidogo ukingoni mwa meza, na pale pale, chini, ikatokea nukta nyeupe kama tone la maziwa. Ikapanda juu ikitawanya manyoya, na kabla sijamaliza kumwita kijana aje aone, chupa nzima ilikuwa imeganda na kioo kimepungua ubaridi mkononi.

Badiliko hilo la joto likumbuke. Haidreti inapojijenga inatoa joto jingi, na bayogesi yako haitaingia haraka kuliko unavyoweza kuliondoa joto hilo. Huko Japani kampuni ya JFE Engineering imelitumia joto hilohilo kwa upande wa pili: uji wa TBAB unabeba ubaridi wa kupoza majengo.

Jambo la pili ni uvivu wa kuanza. Mchanganyiko unaweza kukaa chini ya nyuzi zake za kuganda kwa saa nyingi ukisubiri punje ya kwanza. Dawa yake anaijua kila mama anayegandisha maziwa ya bongo: hifadhi kianzio. Chota kijiko cha ile iliyoganda, kiweke kwenye chupa ndogo ndani ya friji, hiyo ndiyo mbegu yako. Na mchanganyiko ulioganda ukayeyuka muda si mrefu uliopita huganda upesi kuliko mpya, kana kwamba unakumbuka njia.

Hatua ya 3: Chombo

Unahitaji silinda ya lita 1 ya chuma cha pua, ya daraja la 316, iliyothibitishwa kuhimili baa 50. Iwe na geji, kipimajoto kinachoingia ndani, valvu ya kuingiza, valvu ya kutoa, kikorogeo cha sumaku, na valvu ya usalama iliyosetiwa baa 25.

Mafundi wa Katwe nawaheshimu. Stendi yangu, beseni la kupozea na vishikio vyote vimetoka kwao. Chombo cha presha usikichonge huko. Wala usifikirie mtungi wa gesi ya kupikia au wa kuzimia moto: bromidi inakula chuma cha kawaida kimyakimya, inachimba vishimo vidogo usivyoviona mpaka siku ya siku. Mimi nilisahau nati moja ya chuma cha kawaida kwenye kiungio. Baada ya wiki chache ilikuwa nyekundu kama udongo wa Mukono.

Kabla ya gesi yoyote, toa valvu ya usalama kwa muda na uzibe tundu lake, jaza chombo maji mpaka juu, pandisha presha kwa pampu ya mkono hadi baa 37, uache nusu saa. Maji hayalipuki, hewa hulipuka. Baadaye mwaga, rudisha valvu hiyo, tia gesi kidogo, paka povu la sabuni kwenye kila kiungio utafute mapovu.

Hatua ya 4: Safisha gesi

Bayogesi ina hidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai viza. Ni sumu, na inaingia kwenye haidreti kabla ya hewa ukaa yenyewe, kwa hiyo itakuharibia vipimo. Ipitishe kwenye bomba lililojazwa nyuzi za chuma zilizoshika kutu. Zikigeuka nyeusi, badilisha. Usitegemee pua: ikiwa nyingi, gesi hiyo inaua uwezo wa kunusa. Fanya kazi yote penye upepo, mbali na moto.

Hatua ya 5: Jaza ukiwa bado na joto

Hapa ndipo wengi hukosea, nami nilikosea. Ukipoza kwanza ndipo utie gesi, vyumba vinajengwa vikiwa vitupu na kufungwa vikiwa vitupu. Gesi ikija inakuta nyumba imekwisha pauliwa. Tia gesi mchanganyiko ukiwa nyuzi 20, poza baadaye.

Mimina gramu 400 za mchanganyiko wa asilimia 20. Inabaki nafasi ya lita 0.6 juu yake. Tia bayogesi kidogo, itoe, rudia mara tatu ili hewa ya kawaida ifukuzwe. Methani na oksijeni ndani ya chombo kimoja hutaki. Kisha pandisha hadi geji isome baa 10 na uandike namba hiyo mara moja, kabla gesi haijaanza kuyeyuka majini. Washa kikorogeo.

Geji inasoma tofauti kati ya ndani na nje, na nje kwetu si kama Mombasa. Kampala iko mita 1,190 hivi juu ya bahari, na hewa yake inakandamiza kwa baa 0.88 tu. Kwa hiyo presha halisi ni 10.88. Ukiisahau nyongeza hiyo, asilimia 8 ya gesi yako inapotea kwenye karatasi. Aliye Kabale, juu zaidi, atumie namba ya kwao.

Hatua ya 6: Poza, na usiondoke

Zamisha silinda kwenye beseni la maji na barafu. Barafu hupatikana kwenye mialo ya samaki kama Ggaba. Boda anaileta ndani ya gunia, inatosha kazi ya asubuhi. Lenga nyuzi 4 kwa kuongeza au kupunguza mabonge.

Andika presha na joto kila dakika mbili. Presha itashuka taratibu, kwa sababu gesi inapoa na nyingine inayeyuka majini. Hiyo bado si haidreti. Subiri ishara ya kweli: joto la ndani linaruka juu ghafla, nyuzi moja au mbili, ilhali barafu iko nje, na presha inaanza kuporomoka upya. Hapo vyumba vinajengwa. Sauti ya kikorogeo nayo inabadilika, inakuwa nzito kama mwiko kwenye uji unaoiva.

Ikipita saa nzima bila kuruka, umepata mchanganyiko mvivu. Teremsha joto hadi nyuzi 1 kwa dakika chache kisha urudi 4. Mara nyingi inaamka.

Na hapa onyo la umeme. Barafu ikiisha, au kama unatumia mashine ya kupozea na tokeni za Yaka zikaisha, haidreti itayeyuka na gesi yote itarudi. Ukiwa umejaza mara moja tu, hakuna shida. Lakini tuseme umeongeza gesi mara tatu kadiri inavyonaswa. Kwenye nyuzi 25 geji inaweza kukaribia baa 17, ilhali ulipokuwa unakunywa chai ilisoma 7. Valvu ya usalama ni kwa ajili ya dakika hiyo.

Hatua ya 7: Pima na uhesabu

Presha ikitulia, vuta sampuli ya gesi ya juu kwa sirinji: mililita 60. Vuta ndani yake mililita chache za mmumunyo wa kostiki soda, ziba, tikisa, subiri dakika tano. Kostiki inakula hewa ukaa na kuiacha methani. Zikibaki mililita 42 za gesi, basi 18 zilikuwa hewa ukaa, sawa na asilimia 30. Kabla ya kujaza ulipima vilevile ukapata 40. Kostiki inaunguza ngozi na inapofusha. Glavu na miwani visitoke.

Sasa hesabu, kwa namba za mfano. Fomula ni ileile ya sekondari: presha mara ujazo, gawa kwa 8.314 mara joto la kelvini.

Mwanzo, nyuzi 20: paskali 1,088,000 mara mita za ujazo 0.0006, gawa kwa 8.314 × 293. Unapata moli 0.268. Asilimia 40 yake, moli 0.107, ni hewa ukaa, 0.161 ni methani.

Mwisho, nyuzi 4, geji inasoma 7.2, yaani presha halisi 8.08: moli 0.210. Asilimia 30 yake ni hewa ukaa, 0.063, methani 0.147.

Kwa hiyo majini na kwenye vizimba imeingia hewa ukaa moli 0.044 na methani 0.013 (kwa namba kabla ya kukatwa desimali). Umenasa asilimia 41 ya hewa ukaa, na ukapoteza asilimia 8 ya methani. Upendeleo wa mlango ni 0.044 mara 0.147, gawa kwa 0.013 mara 0.063: unakaribia 8. Gesi hizi si kamilifu kwenye baa 11, kwa hiyo usiandike desimali nne. Hesabu hii inakosea kwa asilimia chache.

Namba nyingine inayonifurahisha kuliko hizo: gramu 80 za TBAB ni moli 0.248, zenye vyumba vidogo moli 0.74. Umejaza moli 0.057 kwa jumla, tena sehemu yake imeyeyuka tu majini. Hata haidreti yote ingejijenga, chini ya vyumba 8 kwa kila 100 vina mpangaji. Mtu akikuahidi kwamba kilo moja ya haidreti inabeba lita 67 za gesi, kwenye karatasi hakosei, ila mwombe akuonyeshe geji yake.

Rudia jaribio zima kwa maji matupu, bila chumvi. Kitakachoingia ni kile kinachoyeyuka tu, maana presha hii haitoshi kabisa kujenga haidreti ya maji kwenye nyuzi 4. Tofauti ya majaribio mawili ndiyo kazi ya chumvi. Mwanafunzi asiye na jaribio hilo la pili hana matokeo.

Hatua ya 8: Fungulia

Toa kwanza gesi ya juu, hiyo ndiyo methani yako iliyoongezeka nguvu. Pitia hatua hizi mara ya pili nayo kama unataka isafike zaidi. Funga valvu, inua silinda kutoka barafuni, iache mezani. Kwenye kuyeyusha tumebarikiwa: watu wa nchi za baridi wanalipia joto, sisi chumba kina nyuzi 25 bure. Ubaridi ndio tunaoulipia.

Fungua polepole. Uji unaoyeyuka unatoa povu, na siku niliyofungua kwa pupa povu lilipanda hadi kwenye mpira wa sampuli, likaujaza chumvi, nikapoteza siku mbili kuusafisha. Acha nafasi, toa kidogo kidogo.

Gesi inayotoka, kwa mfano wetu, ni hewa ukaa asilimia 77 na methani 23. Usiiachie angani: methani inapasha dunia joto kuliko hewa ukaa yenyewe, na mchanganyiko huu hauwaki vizuri. Irudishe kwenye mtambo. Na usiitoe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu hewa ukaa ni nzito, inatuama sakafuni na kukuzimisha bila harufu.

Kabla ya kuota makubwa, fikiria gesi yenyewe. Inayotoka kwenye uchachushaji wa pombe ni karibu hewa ukaa tupu. Kuipitisha humu ni kuosha maji. Moshi wa tanuri za saruji, kama zile za Tororo, ndio unaofaa zaidi kwa upande mmoja, maana hewa ukaa na nitrojeni hutenganishwa kwa urahisi kuliko hewa ukaa na methani. Kwa upande mwingine moshi hauna presha, na kuukandamiza ndiko kunakokula umeme. Njia hii ingelipa kwanza mahali penye gesi iliyokuja na presha yake na maji ya baridi karibu. Mimi ningeanzia milimani Kabale, si Kampala.

Mchanganyiko uliotumika haupungui chumvi, kwa hiyo uchuje, uuweke kwenye chupa yenye lebo na tarehe, utumie tena. Ukichafuka kabisa, usiumwage sinki. TBAB inadhuru viumbe wa majini, na mifereji mingi ya mjini inaishia Nakivubo, Nakivubo inaishia ziwani, upande uleule tunakochota maji ya kunywa. Mimi nauacha jua liukaushe kwenye trei kubwa iliyofunikwa wavu, kisha nakusanya chumvi na kuifungia kopo hadi nipate wa kuiteketeza kitaalamu. Makopo yangu sasa yamefika matatu.